Stempu za Katanga: Nchi Isiyotambuliwa, Barua Zilizofika

Kwenye soko la vitu vikuukuu la Place du Jeu de Balle, hapa Brussels, mtu wa Lubumbashi hakawii kukutana na kwao. Tafuta maboksi ya stempu na utaona picha za maua ya Kongo ya Kibelgiji zilizogongwa neno KATANGA juu yake. Bei yake mara nyingi ni ndogo hata mwanafunzi anaimudu. Watoto wetu waliozaliwa huku wakiziona huuliza: kwani Katanga ilikuwa nchi lini? Kisheria haikuwahi kuwa. Lakini ilikuwa na posta, na barua zake zilifika. Ndiyo maana naona stempu hizi zinastahili kuelezwa, hata kwa mtu asiyejali kabisa kukusanya stempu.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, alitangaza kwamba jimbo hilo limejitenga, na Elisabethville, mji tunaouita Lubumbashi leo, ndio makao makuu yake. Fedha zilikuwepo: Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyochimba shaba na kobalti, ililipa kodi zake kwa Tshombe badala ya serikali ya Kongo huko Léopoldville, Kinshasa ya leo. Maofisa wa Kibelgiji walibaki maofisini na jeshini. Kilichokosekana ni kutambuliwa. Hakuna serikali hata moja duniani iliyoitambua Katanga rasmi, wala Ubelgiji iliyoibeba mgongoni haikuthubutu.

Dola isiyotambuliwa hutafuta vithibitisho, na vya Katanga vilikuwa vya karatasi na shaba. Banque Nationale du Katanga ilitoa noti zenye sura ya Tshombe. Mwaka 1961 zikaja sarafu za faranga 1 na 5, zenye msalaba wa shaba upande mmoja na mkungu wa ndizi upande wa pili. Misalaba mitatu kama hiyo ilikuwa kwenye bendera. Alama hiyo haikubuniwa na Tshombe: wahunzi wa eneo letu walimimina shaba kwa umbo la msalaba na kuitumia kama fedha karne nyingi kabla Mzungu hajafika, na wachimbaji wa mambo ya kale waliikuta kwenye makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale. Kuichagua ilikuwa akili. Iliipa dola ya siku chache sura ya kitu cha zamani.

Posta haikuweza kusubiri wachoraji. Ilichukua akiba iliyokuwapo, stempu za Kongo ya Kibelgiji zenye maua na wanyama wa porini, ikazigonga KATANGA juu yake. Wakusanyaji wengi huzipita hizo haraka wakitafuta zile zilizochorwa upya, lakini kwangu mimi hizo za kugongwa ndizo zenye hadithi. Tazama hasa stempu ambazo Kongo ilitoa kuadhimisha uhuru wake, zenye ramani ya Afrika. Elisabethville ilizigonga maneno ya Kifaransa yanayotaja uhuru wa tarehe 11 Julai. Yaani stempu ya kusherehekea kuzaliwa kwa nchi ilitumika kutangaza kwamba jimbo lake tajiri kuliko yote limeondoka. Sijui stempu nyingine ya Afrika inayobeba ugomvi wa wazi namna hiyo kwenye kipande kidogo cha karatasi.

Mwaka 1961 Katanga ilitoa za kwake kabisa, zenye sanaa ya kuchonga ya Katanga. Zikafuata za maonyesho ya biashara ya Elisabethville, za shirika la ndege la Air Katanga, na za jandarmeri, yaani jeshi lake. Ni nzuri kwa macho. Zilitengenezwa zitazamwe ugenini kuliko nyumbani, na hilo halinishangazi: stempu husafiri kwenye bahasha hadi mezani pa mtu asiyewahi kusikia jina la nchi yako.

Hapa ndipo penye utata. Kanuni za barua za kimataifa husimamiwa na Umoja wa Posta Duniani, wenye makao yake Bern, Uswisi, ulioanzishwa mwaka 1874. Katanga haikuwa mwanachama wala isingeweza kuwa. Kwa kufuata kanuni, barua yenye stempu yake ingehesabiwa kama barua isiyolipiwa, na mpokeaji angedaiwa. Kwa vitendo ziliachwa zipite. Elisabethville ilikuwa na Wazungu wengi wenye jamaa na biashara Ulaya, na kusini ilipakana na Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, ikiwa na reli iliyovuka mpaka. Wanadiplomasia walikataa kuiona Katanga, lakini makarani wa posta walipanga barua zake kwenye mifuko pamoja na nyingine.

Kulikuwa pia na posta ya pili iliyofanya kazi katika mji huohuo. Umoja wa Mataifa ulileta wanajeshi wa Ireland, Sweden, India, Ethiopia na kwingineko, na wao waliandikia nyumbani kupitia posta zao za kijeshi. India ilifika mbali zaidi: mwaka 1962 iligonga stempu zake maneno ya Kiingereza yanayosema kwamba hilo ni jeshi la Umoja wa Mataifa la India nchini Kongo. Kwa hiyo katika mwaka mmoja bahasha mbili ziliweza kutoka Elisabethville, moja ikidai kwamba mji huo ni mji mkuu wa nchi huru, nyingine ikidai kwamba ni sehemu ya Kongo. Zote zilitumia njia ileile ya kugonga chapa juu ya stempu ya zamani. Kama una uwezo wa kununua vitu viwili tu vya kipindi hicho, nunua hivyo viwili na uviweke ukurasa mmoja.

Uzuri wa stempu usitufumbe macho, kwa sababu kuna mengi zisiyoyaonyesha. Hazionyeshi Katanga ya kaskazini, ambako chama cha BALUBAKAT cha Jason Sendwe kilikataa kujitenga na jandarmeri ikaingia vijijini kwa moto. Hazionyeshi kambi iliyofurika wakimbizi Waluba pembeni mwa Elisabethville mwaka 1961. Wala hazionyeshi usiku wa tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walipouawa karibu na mji huohuo uliokuwa ukiuza stempu za kazi za sanaa. Mkusanyaji anayeweka stempu za jandarmeri za mwaka 1962 kwenye albamu bila neno lolote la maelezo anaendeleza kazi ya propaganda bila malipo. Hilo nalisema wazi, na najua baadhi ya wazee wetu hapa hawatapenda.

Mambo yaliisha Januari 1963. Tshombe alikubali kuacha, na tarehe 21 vikosi vya Umoja wa Mataifa vikaingia Kolwezi, ngome ya mwisho. Mwaka uliofuata, kwa mzunguko wa siasa ambao Kongo peke yake inauweza, Tshombe huyohuyo akawa waziri mkuu wa nchi aliyokuwa amejitenga nayo. Alifia Algiers mwaka 1969. Leo sanamu yake imesimama katikati ya Lubumbashi, kwenye uwanja wa Posta, na wengi wanaoupita kila siku hawajui kwamba posta hiyo iliwahi kuuza stempu za dola yake.

Je, ni stempu halali? Swali hili wauzaji hulijibu kwa namna inayowafaa. Mimi hupima kwa jambo moja: zilibeba barua au hazikubeba? Miaka ya 1950 zilichapishwa stempu nzuri sana za Jamhuri ya Maluku Kusini, visiwa vilivyotaka kujitenga na Indonesia. Muuzaji wa New York alizisambaza kwa wakusanyaji, na hazikuwahi kutumika kwenye posta yoyote. Siku hizi kuna nyingine mbaya zaidi: karatasi za paka, treni na waigizaji wa sinema wa Marekani zenye majina ya nchi za Kiafrika, Kongo yetu ikiwemo, ambazo serikali husika hazikuziagiza. Umoja wa Posta Duniani ulianzisha mwaka 2002 mfumo wa namba wa kusajili stempu halisi, sababu mojawapo ikiwa uchafu huo. Hizo zina jina la nchi inayotambuliwa na bado ni bandia. Za Katanga hazina nchi inayotambuliwa na bado ni stempu, kwa sababu mtu alilipia, karani akapiga muhuri, na mama fulani Liège akapokea habari za mwanawe. Katalogi rasmi ya Ubelgiji nayo imezipa sehemu yake.

Kwa kipimo hicho, stempu mpya isiyotumika ndiyo yenye maelezo machache kuliko zote. Tafuta bahasha nzima, yenye muhuri wa mji na tarehe inayosomeka. Muhuri wa Jadotville, yaani Likasi, wa Septemba 1961, siku ambazo kikosi cha Ireland kilizingirwa huko, unaeleza zaidi ya albamu iliyojaa stempu safi. Na jihadhari na zile za kugongwa zinazouzwa ghali kwa sababu maneno yamepinduka au yamerudiwa. Chapa ya juu ni rahisi kughushi kwa yeyote mwenye mashine ndogo na stempu ya zamani.

Wanaonunua bahasha hizi hapa ni Wabelgiji zaidi kuliko sisi. Naelewa sababu. Kwetu kumbukumbu ya miaka ile ilihifadhiwa kwa njia nyingine: kwa michoro ya Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi miaka ya 1970 ili itundikwe sebuleni, na kwa simulizi kama ile ya André Yav ya mwaka 1965, iliyoandikwa kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi kuhusu waliotumikia nyumba za Wazungu. Lakini nao watu wetu waliandikiana barua. Walimu, makarani, wafanyakazi wa reli na wa Union Minière walituma habari za vifo na ndoa kutoka Elisabethville kati ya 1960 na 1963, na bahasha za Mwafrika kwa Mwafrika ndizo sizioni kwenye masoko ya huku.

Basi ukienda likizo Lubumbashi, kwenye mitaa ya Kamalondo, Kenya au Katuba, waulize wazee kuhusu sanduku la karatasi. Ukipata bahasha ya miaka hiyo, usiibandue stempu. Ipige picha pande zote mbili, andika nani alimwandikia nani, iache kwa mwenyewe, na nakala ya picha ipeleke Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi.