Mtandao Ukigoma, Kagua Chaja Kabla ya Kununua Bodi Mpya

Wakazi wanaotumia kompyuta ndogo za Raspberry Pi, hasa vijana wa vyuo vya ufundi, wanashauriwa wasikimbilie dukani pindi mtandao unapokataa kuwaka. Mara nyingi bodi ni nzima ila umeme hautoshi.

Raspberry Pi 3 huhitaji chaja ya volti 5 na ampea 2.5, Raspberry Pi 4, ampea 3. Chaja nyingi za simu, hasa zile za bei rahisi, hazifiki hapo. Umeme ukishuka chini ya volti 4.63, taa nyekundu huzimika au kumetameta. Kwenye Raspberry Pi 3, kebo ya mtandao hutumia njia moja na USB, hivyo modemu au flashi iliyochomekwa inaweza kunyonya umeme hadi mtandao utoweke. Chomoa vifaa hivyo, badilisha chaja, uwashe tena. Anayejua kuandika amri atumie dmesg aone kama eth0 imetambuliwa.

Ikiwa ni Wi-Fi pekee inayogoma, huenda imefungwa kwa sababu nchi haijachaguliwa. Fungua mipangilio, uchague Kenya (KE). Taa za tundu la kebo zisipowaka bado, jaribu kebo nyingine, kisha tundu jingine kwenye ruta.