Maswali ya televisheni ndani ya kisanduku: mashine inajua jibu, lakini nani ameandika swali?

Kwa wenye kufuata TV5Monde, « Questions pour un champion » si kipindi kigeni. Kilianza nchini Ufaransa tarehe 7 Novemba 1988, na mpaka leo utaratibu wake ni uleule: mtangazaji anasoma swali, washiriki wanagombania kitufe, na watu waliokaa mbele ya televisheni wanajibu kwa sauti kabla ya yule aliye studio. Baba anasema lake, watoto wanasema lao, na anayepata anajisifu usiku mzima.

Furaha hiyo ya nyumbani ndiyo ambayo watengenezaji wa michezo wamejaribu kuuza kwa zaidi ya miaka 60. Walianza na kadi za karatasi, wakafuata vifaa vya betri, kompyuta, na leo simu ya mkononi. Kila mara walikutana na matatizo yaleyale, na moja kati yao linawahusu moja kwa moja watoto wa Congo.

Msomaji asiyecheza

Nchini Marekani, kipindi cha « Jeopardy! » kilichobuniwa na Merv Griffin kilianza kuonyeshwa na NBC tarehe 30 Machi 1964. Mwaka huohuo kampuni ya Milton Bradley ilianza kuuza toleo la kuchezea nyumbani. Lakini katika mchezo wa kadi lazima mtu mmoja asome maswali. Mtu huyo anaona majibu, kwa hiyo hawezi kushindana. Familia ya watu watatu inabaki na wachezaji wawili tu.

Umeme ulileta dawa ya tatizo hilo. Mashine inauliza, mashine inahesabu alama, na watu wote wanacheza. Baada ya « Jeopardy! » kurudi hewani mwaka wa 1984 ikiongozwa na Alex Trebek, matoleo ya kompyuta yalifuata, na mwaka wa 1988 likatoka toleo la mashine ya Nintendo, lililotengenezwa na kampuni ya Rare. Kampuni ya Tiger Electronics nayo iliuza vifaa vidogo vya kushika mkononi, vyenye kioo chembamba na betri, kwa ajili ya « Jeopardy! » na « Wheel of Fortune ».

Kujua jibu na kuandika jibu

Tatizo la pili lilikuwa jibu lenyewe. Katika studio, mshiriki anatamka, na mtangazaji anaelewa hata kama matamshi si safi. Mashine za miaka ile hazikuwa na masikio. Katika toleo la Nintendo, mchezaji alichagua herufi moja baada ya nyingine kwenye kioo mpaka jina likamilike. Mtoto anayemjua mfalme fulani lakini hajui jina lake linaandikwaje yuko hatarini kukosa alama sawa na yule asiyejua kitu.

« Who Wants to Be a Millionaire? » kilikuja na umbo linalofaa mashine. Kipindi hicho kilianza Uingereza kwenye ITV tarehe 4 Septemba 1998, kikiongozwa na Chris Tarrant. Ufaransa ilikipata mwaka wa 2000 kwenye TF1, kwa jina la « Qui veut gagner des millions ? », na Jean-Pierre Foucault akawa anawauliza washiriki kama hilo ndilo neno lao la mwisho. Kila swali lina majibu manne, A, B, C na D. Hakuna cha kuandika wala kutamka. Vitufe vinne vinatosha. Ndiyo maana tayari mwaka wa 1999 mchezo huo ulikuwa unauzwa kwenye CD za kompyuta, na Tiger ikatoa kifaa chake mwaka uliofuata.

Urahisi huo una bei yake. Kati ya majibu manne, mtu asiyejua kitu bado ana nafasi moja kati ya nne. Mwanafunzi aliyezoea kuchagua anaweza kudhani anajua, na siku mwalimu anapomwomba jibu bila kumpa la kuchagua, anabaki kimya.

Mashine inayojifanya haijui

Katika studio, mshiriki aliyekwama anaweza kuomba msaada wa watazamaji au kumpigia rafiki simu. Ni watu wa kweli, na wanaweza kukosea kweli. Nyumbani hakuna watazamaji. Programu inajua jibu tangu mwanzo, kwa hiyo inabidi ijifanye haijui: inatunga asilimia za kura, inamtunga rafiki mwenye mashaka, na mara nyingine inamdanganya mchezaji makusudi ili mchezo usiwe rahisi mno. Anayecheza peke yake dhidi ya mashine ni hivyohivyo. Yule « mpinzani » hafikiri. Programu imepiga kura tu kuamua kama safari hii atapata au atakosa.

Ndiyo sababu mwezi wa Februari 2011 watu wengi walishangaa. Kompyuta ya IBM iliyoitwa Watson ilishindana katika « Jeopardy! » na mabingwa wawili, Ken Jennings na Brad Rutter, ikawashinda. Watson haikuwekewa majibu ya maswali yale. Ilipaswa kuyatafuta yenyewe katika maandishi iliyohifadhi. Kifaa cha nyumbani hakikuwa na uwezo huo hata kidogo.

Maswali yanaisha, tena yanazeeka

Ndani ya kifaa maswali yana idadi yake. Familia inayocheza kila siku inafika mahali ambapo mtoto anabonyeza kabla hajamaliza kusoma. Hakujifunza historia, amekariri kifaa. Watengenezaji walijua hilo, wakauza kaseti za maswali mapya kama bidhaa ya pili.

Pamoja na hayo, dunia haingoji kifaa. Mashine iliyotengenezwa mwaka wa 1995 itasema mpaka leo kwamba Kinshasa ni mji mkuu wa Zaïre, wakati jina hilo liliondolewa tarehe 17 Mei 1997. Swali la idadi ya majimbo ya Congo lililoandikwa kabla ya mwaka wa 2015 litakuwa na jibu 11, na mtoto anayejibu 26 ataambiwa amekosea. Mashine ya zamani haijui Sudan Kusini, iliyozaliwa mwaka wa 2011, wala haijui kwamba tangu mwaka wa 2019 mji mkuu wa kisiasa wa Burundi ni Gitega. Mtoto mwenye haki ananyimwa alama, na hakuna mtu wa kumlalamikia.

Lakini hata kifaa kipya kina mipaka ya yule aliyekiandikia maswali. Aliyeyaandika Paris, London au New York aliwafikiria watu wa kwao. Atauliza waigizaji wao, wafalme wao na timu zao. Mtoto wa Bukavu anaweza kujifunza mengi humo, na si vibaya. Ila akikosa maswali kumi mfululizo asidhani kwamba hana akili. Hakuna aliyemuuliza Nyiragongo iko wapi, mto Ruzizi unatoka ziwa gani na kuingia lipi, au Patrice Lumumba alikuwa nani katika serikali ya mwaka wa 1960.

Shule zina njia yake

Shule za Congo tayari zinajua mchezo mwingine wa namna hii: « génie en herbe ». Jina lake limetoka kwenye kipindi cha televisheni cha Canada, « Génies en herbe », kilichoanza Radio-Canada mwaka wa 1972. Timu mbili zinakaa mbele ya meza, na mara nyingi ugomvi mkubwa hauko kwenye jibu bali kwenye kidole: nani aliinua mkono kwanza? Jury inasema hivi, wazazi wanasema vile.

Hapo kifaa cha umeme kinasaidia kweli. Vitufe vya mashindano vinafuata kanuni moja: wa kwanza kubonyeza anawasha taa yake, na papo hapo njia ya wengine inakatwa. Kazi hiyo inahitaji betri, taa, vitufe na swichi chache zinazoendeshwa na umeme. Ni kazi ambayo mwanafunzi wa shule ya ufundi, mwenye kusoma umeme, anaweza kuifanya na mwalimu wake. Kifaa kinaamua nani wa kwanza, na maswali yanabaki mikononi mwa walimu, ambao wanaweza kuyabadilisha kila mwaka.

Kwa upande wa simu, wazazi wanapaswa kuwa macho. Michezo ya maswali imejaa kwenye simu, mingine ya bure yenye matangazo yanayokula mega, mingine ya SMS inayokata inite kwa kila swali huku ikiahidi zawadi. Kabla mtoto hajaanza, ni vizuri kusoma bei na kujua jinsi ya kujiondoa.

Na kwa familia isiyo na mega wala betri, daftari moja linatosha. Kila mtu anaandika maswali matano kuhusu mtaa, jimbo, nchi na dunia, anaandika majibu nyuma, na kila jioni mwingine anasoma. Swali likizeeka, linafutwa kwa kalamu.