Kubandua Alama Kuukuu Ubavuni mwa Tela

Katika mji wa Juba mashirika ya misaada ni mengi, na magari yao yakichakaa huuzwa kwa raia. Anayenunua hupata chombo pamoja na stika zilizobandikwa ubavuni mwake: jina la shirika, picha yake, na pengine maneno ya kuwaarifu watu kazi ya chombo hicho. Wengi hudhani kuondoa stika hizo ni urembo tu, kazi ya siku yo yote mtu akipata nafasi. Mimi niliifanya kazi hiyo wakati wa likizo, nami napenda kuwaeleza wasomaji jinsi inavyofanywa, na kwa nini haifai kuachwa nusu.

Mjomba wangu anakaa Hai Amarat. (Neno "hai" hapa ni la Kiarabu, maana yake mtaa, si kinyume cha maiti.) Alinunua tela lenye chumba cha bati, lililokuwa zahanati ya kutembea, ili aligeuze kuwa duka la kushonea nguo. Kabla hatujaanza kazi, mama mmoja alifika langoni amebeba mtoto mwenye homa, akauliza daktari huja saa ngapi. Alikuwa ameyaona maandishi kutoka barabarani. Mjomba alimwita kijana wa bodaboda, akampeleka mama yule hospitali. Basi alama ni neno, na neno lisilo la kweli laweza kumpotezea mgonjwa wakati wake.

Tena liko jambo la sheria. Alama ya msalaba mwekundu, na ya hilali nyekundu, zinalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo Sudani Kusini ilijiunga nayo mwaka 2013. Mtu wa kawaida hana ruhusa kuzitumia, hata kama alinunua gari zikiwa juu yake, kwa sababu wakati wa vita ndizo zinazowalinda majeruhi na waganga. Nembo ya Umoja wa Mataifa nayo ilikubaliwa na Baraza Kuu mwaka 1946, na nchi wanachama zikatakiwa kuzuia isitumiwe ovyo. Katika nchi iliyopata uhuru mwaka 2011 na kuingia vitani mwezi wa Desemba 2013, hili si jambo dogo. Watu wakizoea kuziona alama hizo juu ya magari ya biashara wataacha kuziamini, na hasara itawafikia majeruhi.

Sasa tutazame stika yenyewe. Ni utando mwembamba wa plastiki iitwayo vinili, wenye gundi upande wa nyuma. Plastiki hiyo kwa asili yake ni ngumu, kwa hiyo kiwandani huchanganywa na vitu vya kuilainisha. Jua likiipiga miaka mingi, vilainishi hivyo hutoka kidogo kidogo, na ile miali isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, huikatakata plastiki. Ndiyo maana stika mpya hubanduka kipande kizima, lakini iliyozeeka hukatika vipande vidogo kama kucha, na gundi hubaki imeng'ang'ania rangi.

Kazi yenyewe ina hatua tano.

Kwanza, osha ubavu wote kwa maji na sabuni. Chembe za mchanga zikibaki, kila kitambaa utakachopitisha baadaye kitakuwa kama msasa.

Pili, tia joto, maana joto hulainisha plastiki na gundi pia. Huko Juba jua lenyewe ni msaidizi: katika miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 35 kivulini, na bati lililo juani huwa la moto kupita hapo. Asubuhi tulifanya upande wa mashariki, alasiri tukahamia wa magharibi. Mahali ambapo jua halikutosha tulitumia mashine ya kukaushia nywele. Asiye na umeme na aweke kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto. Bati liwe la moto kiasi ambacho mkono waweza kukivumilia kwa kitambo kidogo. Usitumie moto wa wazi kamwe. Rangi itavimba, na plastiki hiyo ikiungua hutoa mvuke wa asidi unaochoma koo na mapafu.

Tatu, inua pembe moja kwa ukucha au kwa kipande cha plastiki ngumu, kisha uirudishe stika nyuma juu yake yenyewe, karibu kulala na bati, polepole. Usiivute kwenda nje, kwani hapo unaivuta rangi pamoja nayo. Ukifanya haraka itakatika na kuacha gundi nyingi zaidi. Nilipotaka kuchukua kisu, fundi aliyekuwa akitusaidia alinizuia. "Kijana," alisema, "kisu nacho kinaandika." Na kweli, mkwaruzo wa kisu ni alama mpya, nayo haibanduki.

Nne, ondoa gundi. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, ukiweke juu ya gundi dakika chache, kisha ufute na kuosha kwa sabuni. Mafuta ya kupikia yafaa pia, ila huchukua muda mrefu. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Tina usiitumie, maana huyeyusha rangi. Petroli ni hatari zaidi, kwa sababu mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Hata mafuta ya taa huwaka, kwa hiyo jiko na sigara ziwe mbali; mikono ivae glavu; vitambaa vikaushwe mahali pa wazi; wala maji machafu yasimwagwe karibu na kisima.

Tano, futa kivuli, na hapa ndipo wengi huacha kazi. Rangi iliyokuwa chini ya stika haikuona jua, lakini iliyozunguka stika imepauka. Kwa hiyo stika ikiisha kutoka, maneno bado yanasomeka kama yalivyokuwa. Dawa yake ni polishi ya kusugulia rangi, yenye chembe laini sana. Huondoa tabaka jembamba la rangi iliyokufa, mpaka sehemu zote zifanane. Usisugue mno pembeni, maana huko rangi huwa nyembamba. Kama kivuli kimekaidi, piga msasa mwembamba ubavu mzima, kisha upake rangi ubavu mzima. Ukipaka juu ya herufi peke yake, umeziandika upya kwa rangi nyingine.

Utajuaje kwamba umemaliza? Simama hatua 20 kutoka kwenye tela, asubuhi mapema, jua likiwa limelala, maana mwanga wa ubavuni hufichua mengi. Kisha mwite mtu asiyelijua tela hilo, umwulize linasema nini. Akijibu kwamba halisemi kitu, kazi imekwisha. Kwetu ilichukua siku nne kwa watu wawili. Siku ya kwanza stika zote zilikuwa chini. Siku tatu zilikuwa za gundi na kivuli.

Kiko kitu kimoja kisichopaswa kubanduliwa: ule utepe unaong'aa usiku nyuma na ubavuni mwa tela. Ndani yake mna vitone vya kioo au vipande vidogo vilivyokatwa kwa pembe maalumu, vinavyourudisha mwanga wa taa kule ulikotoka, hata dereva anayekuja akaona tela lililosimama gizani. Barabara ya Juba hadi Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilimalizwa kutiwa lami mwaka 2012, na matela yanayotoka Mombasa na Kampala hupita humo. Utepe huo na uoshwe tu, na ukichakaa ubandikwe mwingine.

Ninyi wanafunzi wa zamani, ambao baadhi yenu mnanunua magari yaliyokwisha kutumiwa na wengine, yawe yametoka kwa mashirika au yameletwa kutoka Japani yakiwa na maandishi ya kampuni za huko, msiyaache maandishi hayo kwa kuwa gari linakwenda vizuri. Anayenunua gari hununua pamoja nalo ahadi zilizoandikwa juu yake. Asiyeweza kuzitimiza, na azifute mpaka kivuli chake.