Mbwa Anaposemeshwa: Kwa Nini Hulaza Kichwa Upande

Mbwa anaposemeshwa na mtu anayemfahamu, mara nyingi huacha alichokuwa akifanya, husimamisha masikio na kukilaza kichwa upande mmoja kwa kitambo kidogo kabla ya kukirudisha wima. Wafugaji wengi hulichukulia tendo hilo kuwa ishara ya udadisi, na wengine huliona kuwa ni mapenzi, lakini wataalamu wa tabia za wanyama walichelewa kulichunguza, hivyo maelezo mengi yaliyoenea yalitangulia ushahidi.

Maelezo yaliyozoeleka zaidi huegemea usikivu. Mnyama hutambua upande inakotoka sauti kwa sababu mawimbi yake hulifikia sikio moja mapema kidogo na kwa nguvu zaidi kuliko jingine, ilhali sauti inayotoka mbele yake moja kwa moja, iwe juu au chini, huyafikia masikio yote mawili kwa wakati uleule na kuuacha ubongo bila tofauti ya kupima. Kichwa kikilazwa, sikio moja hupanda na jingine hushuka, na tofauti hiyo hupatikana tena. Ndiyo maana baadhi ya bundi, ambao huwinda gizani kwa kusikia, wameumbwa na tundu moja la sikio lililo juu kuliko jingine. Hata hivyo, mbwa anayesemeshwa kwa kawaida humwona msemaji mbele yake, wala hana haja ya kumtafuta.

Stanley Coren, profesa mstaafu wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, aliligeuzia swali hilo upande wa macho, akidokeza kwamba pua ndefu humzuia mbwa kuona sehemu ya chini ya uso wa binadamu, hasa mdomo. Katika majibu ya wafugaji 582 aliowahoji, asilimia 71 ya wenye mbwa wa pua ndefu walisema mbwa wao hulaza kichwa mara kwa mara, dhidi ya asilimia 52 ya wenye mbwa wa uso bapa. Tofauti hiyo si ndogo, ila inatokana na maoni ya wenye mbwa na si uchunguzi wa mbwa wenyewe. Tena, ikiwa zaidi ya nusu ya mbwa wasio na pua ya kuwazuia hulaza kichwa vilevile, pua haiwezi kuwa chanzo kikuu.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka Budapest, Hungaria, mwaka 2021, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd walipochunguza mbwa 40 walioagizwa na wenye mbwa kuleta mwanasesere kwa kumtaja jina. Mbwa 33 walikuwa wa kawaida, ambao hata baada ya mafunzo hawakuyashika majina hayo, na 7 walikuwa wenye kipaji adimu cha kujifunza majina ya vitu vingi. Wenye kipaji walilaza kichwa katika asilimia 43 ya majaribio, na wa kawaida katika asilimia 2 tu, ingawa wote walisikia agizo la namna moja. Aidha, kila mbwa mwenye kipaji alikuwa na upande anaoupendelea, popote aliposimama msemaji, jambo ambalo ni vigumu kulieleza kwa nadharia ya kutafuta chanzo cha sauti. Watafiti hao walipendekeza kwamba tendo hilo huambatana na umakini wa kuchakata neno lenye maana kwa mbwa, pengine kwa kulilinganisha na kumbukumbu ya kitu kinachotajwa. Mbwa 7 ni wachache mno kufunga mjadala, lakini hakuna nadharia nyingine iliyopimwa kwa ukaribu huo.

Lipo pia suala la mazoea, kwani mbwa anayechekewa na kupapaswa kila alazapo kichwa hujifunza upesi kulirudia tendo lenye malipo. Tofauti na hayo yote ni kichwa kinachobaki kimelala upande muda wote, hata pasipo mtu kusema, hasa mbwa akipepesuka au macho yakichezacheza yenyewe, kwa kuwa dalili hizo huashiria hitilafu ya sikio la ndani au ya ubongo katika mfumo unaodhibiti msawazo wa mwili, na mbwa wa namna hiyo apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kukawia.