Samaki wazima, mwenye tangi hatarini

Huenda ukatabasamu, ndugu msomaji, ukisikia kwamba Kaliua nako kuna watu wanaofuga samaki wa mapambo sebuleni. Mji huu wengi wetu tunaufahamu kwa tumbaku, kwa asali, na kwa makutano ya reli: treni itokayo Tabora ikishafika hapa, njia moja huendelea Kigoma na nyingine hukata kushoto kuelekea Mpanda. Lakini ni njia hiyo ya Kigoma inayoeleza jambo lenyewe. Mwisho wake, ambako reli ilifika mwaka 1914, liko Ziwa Tanganyika, lenye samaki wadogo wa rangi za kupendeza ambao wengi wao hawapatikani penginepo duniani. Wafugaji wa Ulaya na Marekani huwanunua kwa fedha nyingi. Basi si ajabu mtu aliyezitembelea pande hizo akarudi nyumbani na wanne au watano.

Katika nyumba moja isiyo mbali na stesheni nililiona tangi la kioo juu ya meza, kando ya televisheni. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu, alinikaribisha kwa utani. "Hawa, mwanangu, ni wajukuu zangu wasiolia," alisema. Ndani ya tangi palikuwa na mawe, mchanga na taa ya kumulika, na viputo vya hewa vilikuwa vikipanda. Maji aliyatia chumvi ya Uvinza kidogo, kwa kuwa aliambiwa kuwa maji ya ziwa yana madini mengi. Ni chumvi ile ile iliyobebwa na misafara ya zamani baina ya Ujiji na Tabora, na nilifurahi kuikuta imepata kazi mpya.

Furaha yangu ilikatika aliponieleza kwamba kwa muda wa wiki mbili, kila alipotia mkono kusafisha kioo, alisikia mchomo mwembamba kwenye kidole alichojikata kwa kisu cha jikoni. Kwenye vidole vingine hakusikia kitu. "Ni chumvi tu hiyo," alisema. Nami ningeliamini, kama si kijana mmoja fundi wa umeme, jirani yake, aliyepita kumwamkia akayasikia maneno hayo.

"Mama mwalimu, chumvi haichomi namna hiyo," alisema, na badala ya kuwatazama samaki akaanza kutazama ukutani na chini ya meza. Soketi ilikuwa moja. Kutoka hapo ulishuka waya wa kuongezea wenye matundu matatu, nao ulilala sakafuni chini kabisa ya tangi. Umechomekwa pampu ya hewa, taa, na hita ya kupasha maji. Plagi ya hita ilikuwa ya miguu miwili, nayo ililazimishwa kuingia kwa kusukumiwa kijiti cha kiberiti katika tundu la juu. Usiseme hujapata kuyaona hayo, ndugu msomaji. Tundu hilo la juu ndilo la waya wa ardhi, na kile kifuniko kinachofunguliwa kwa kijiti kiliwekwa na watengenezaji makusudi, ili kitu kisicho mahali pake kisiingie.

Fundi aligusisha testa majini, na kitaa chake kikawaka. Alichomoa pampu, kikaendelea kuwaka. Alichomoa taa, kikawaka vilevile. Alipochomoa hita, kikazimika. Tuliitoa hita ile tukaikagua mwangani: karibu na kifuniko chake cha mpira, kioo kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Hapo mwenyeji wangu aliuliza swali ambalo nawe bila shaka unajiuliza: mbona samaki walikuwa wazima? Kumbuka ndege anayetua juu ya waya wa umeme. Hadhuriki, kwa sababu miguu yake yote miwili iko juu ya waya ule ule na umeme hauna sababu ya kupita mwilini mwake kwenda penginepo. Samaki naye yumo kabisa ndani ya maji, na tangi la kioo juu ya meza kavu halina njia ya kwenda ardhini. Atakayeleta njia hiyo ni wewe, mkono ukiwa majini na mguu ukiwa sakafuni. Kwa hiyo samaki anayecheza si ushahidi kwamba maji ni salama.

Mama mwalimu alinusurika kwa ndala zake za mpira, ambazo havui ndani ya nyumba. Lakini aliyekuwa akisafisha tangi kila Jumamosi alikuwa mjukuu wake wa miaka tisa, na mtoto huyo hutembea peku juu ya sakafu ya saruji, ambayo Jumamosi asubuhi huwa imetoka kupigwa deki. Bibi alipolitambua jambo hilo aliketi, na kwa muda mrefu hakusema neno.

Yapo mawazo yaliyoenea kwamba fyuzi ingekatika kabla mtu hajadhurika. Si kweli. Fyuzi huwekwa ili kuulinda waya usiungue, haimlindi mtu. Fyuzi ya plagi aghalabu ni ya ampea 13. Mwili wa binadamu hauhitaji hata sehemu ndogo ya hizo: kiasi cha miliampea 10, yaani sehemu 10 za elfu moja ya ampea, chatosha kuikaza misuli ya mkono hata ushindwe kuachia, miliampea 30 ni hatari kwa pumzi na moyo, na 100 zaweza kuuvuruga moyo kabisa. Ampea 13 ni zaidi ya mara 400 ya hizo 30. Volti 230 za nyumbani, zikikutana na ngozi iliyolowa, hufika huko bila taabu, na fyuzi haitakuwa na habari.

Waya wa ardhi husaidia, lakini huku kwetu Unyamwezi una udhaifu wake. Tangu Mei hadi Oktoba ardhi hukauka, na fimbo ya chuma iliyozikwa nyuma ya nyumba hushikana na udongo mkavu usiopitisha umeme vizuri. Udongo huo ukizuia kwa kiasi cha omu 100, volti 230 zitapitisha ampea 2 na ushei tu, na fyuzi itakaa kimya. Dawa ya kweli ni swichi inayowekwa penye swichi kuu, ambayo huhisi umeme unaovujia ardhini na kukata ufikapo miliampea 30, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mwulize fundi wako kama nyumba yako inayo, kisha ukibonyeze kitufe chake cha majaribio mara moja kila mwezi.

Mengine hayana gharama. Waya wa kuongezea uondoke sakafuni upandishwe ukutani, mbali na tangi. Kila waya utokao tangini uachwe uning'inie chini kuliko soketi kabla haujapanda kuingia, ili tone la maji linaloufuata lidondoke pale penye mning'inio lisifike kwenye soketi. Pampu ya hewa iwekwe juu kuliko uso wa maji. Sababu yake twaijua sote tuliozoea umeme kukatika: pampu inaposimama, maji ya tangi huweza kurudi kwa kuvutwa katika mpira wa hewa mpaka ndani ya pampu, na umeme urudipo huyakuta humo.

Na kabla ya mkono kuingia majini, plagi zote zitoke. Si kuzima swichi ya kifaa, kuchomoa. Hita iachwe ipoe robo saa kabla ya kupunguza maji, kwani hita ya moto ikikutana na hewa au maji baridi hupasuka, na huenda ndivyo ufa ule ulivyozaliwa.

Ukimkuta mtu amenaswa, usimshike. Zima swichi kuu. Ukishindwa kuifikia, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, mgandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku wengine wakitafuta gari. Hata akiamka na kusema yu mzima, apelekwe hospitali, maana moyo huweza kuleta matata baadaye.

Hita ile haikurudishwa. Fundi alisema Kaliua si mahali pa kuhitaji hita miezi mingi, na mama mwalimu alikubali. Usiku wa Juni na Julai, baridi inapozidi na taa ya tangi imezimwa, hulifunika pande tatu kwa blanketi kuukuu. Mjukuu bado husafisha kioo siku za Jumamosi, ila sasa plagi zote tatu huwekwa kwanza mapajani mwa bibi, naye huzihesabu.