Kikaango kisichoshika chakula: kitunze nacho kikutunze

Bila shaka unaikumbuka siku ulipoleta nyumbani kikaango chako cha kwanza kisichoshika chakula. Yai liliteleza lenyewe hadi kwenye sahani, kijiko kimoja cha mafuta kikatosha, na kuosha kukawa kazi ya dakika moja. Lakini baada ya miezi michache mambo yaligeuka. Yai likaanza kung'ang'ania, rangi ikachujuka, na pale katikati mpako ukaanza kubanduka. Sasa unajiuliza iwapo vile vipande vyeusi viliishia matumboni mwa watoto.

Kabla ya kumlaumu aliyekuuzia, hebu jiulize: kikaango hicho umekuwa ukikiweka juu ya moto wa namna gani?

Wengi wetu hudhani kwamba adui wa vyombo hivi ni kijiko cha chuma. Naam, ni adui, lakini adui mkubwa zaidi ni moto mkali.

Mpako huo aghalabu ni aina ya plastiki iitwayo PTFE, ambayo wengi huijua kwa jina la Teflon. Iligunduliwa kwa bahati nchini Marekani mwaka 1938 na mkemia Roy Plunkett, aliyekuwa akichunguza gesi za kutumiwa katika friji. Katika miaka ya 1950, mhandisi Mfaransa Marc Grégoire alifaulu kuigandisha juu ya alumini, na ndipo vikaango vya aina hii vikaingia jikoni.

PTFE hustahimili joto, lakini si joto lolote. Likipita nyuzi 260 za Selsiasi, mpako huanza kuharibika, na joto likizidi kupanda hutoa mvuke wenye sumu. Mvuke huo unaweza kumletea mtu homa, baridi, kikohozi na kubanwa na kifua, mithili ya mafua. Kwa kawaida hali hiyo hupoa baada ya siku moja au mbili. Ndege wanaofugwa ndani ya nyumba nao hufa upesi wakiuvuta.

Maadamu ndani ya chombo mna mchuzi au maji, joto halipandi sana, kwani maji huchemka kwa nyuzi 100 tu. Hatari hutokea kikiwa kitupu. Kikaango kikavu kilichoachwa juu ya gesi iliyofunguliwa hadi mwisho chaweza kupita nyuzi 260 kwa dakika chache tu, yaani muda wa wewe kujibu simu. Na ikiwa unaishi katika chumba kimoja, pengine wewe ni mwanafunzi wa chuo, basi pale unapopikia ndipo unapolala. Fungua dirisha kila unapopika.

Kwa sababu hiyo, usikitumie kikaango hiki kwa chapati. Chapati hutaka chuma kikavu kilichopata moto barabara, kwa hiyo tumia kile kizito cha chuma kisichopakwa chochote. Jiko la makaa pia halifai, kwani moto wake haupunguzwi kwa kuzungusha kitufe. Ugali nao uachie sufuria yako ya kawaida, kama zile zinazofuliwa na mafundi wa jua kali kule Kamukunji, Nairobi. Kikaango kisichoshika kiwekee mayai, samaki, mboga na viazi, kwa moto mdogo au wa wastani. Tia mafuta kwanza, kisha uwashe moto. Mafuta yakianza kutoa moshi, hilo ni onyo: punguza moto mara moja.

Je, unaponunua uangalie nini? Kiinue kwanza. Chepesi kama karatasi hupinda kwenye moto, na joto hurundikana mahali pamoja. Chagua chenye kitako kinene kilicholala sawasawa juu ya meza. Tikisa mpini uone kama umekazwa vizuri. Pitisha kidole ndani, pasiwe na mikwaruzo wala malengelenge.

Angalia pia kama kimeandikwa kuwa hakina PFOA. Hiyo ni kemikali iliyokuwa ikitumiwa viwandani kutengenezea mpako huu. Mwaka 2019 iliingizwa katika Mkataba wa Stockholm miongoni mwa kemikali za kukomeshwa, na mwaka 2023 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa likaiorodhesha kuwa inasababisha saratani. Hata hivyo, kukosekana kwa PFOA hakumaanishi kwamba PTFE haimo, hivyo masharti ya moto yabaki yale yale. Vile vya mpako wa kauri havina PTFE, lakini utelezi wake kwa kawaida huisha mapema zaidi.

Kuhusu kuosha, ngoja kwanza kipoe. Ukikitia maji baridi kingali moto, kitapinda. Tumia maji ya vuguvugu, sabuni na sponji laini. Waya wa kusugulia sufuria, mchanga na majivu viweke mbali. Chakula kikiganda, kiloweke, usikikwangue. Koroga kwa mwiko wa mti, na usikatie nyama humo kwa kisu. Kumbuka, bandu bandu huisha gogo. Unapovipanga kabatini, weka kitambaa kati ya chombo na chombo.

Na vile vipande walivyomeza watoto? Tulia. PTFE iliyobanduka haiyeyuki tumboni. Hupita na kutoka ilivyoingia. Lakini chombo kilichokwisha kubanduka hakina faida tena. Usikigawe kwa yaya wala kwa jirani. Kistaafishe, na kitakachofuata kipikie kwa moto wa polepole.