Kasumba, Moyo na Usingizi: Dawa za Afyuni katika Mwili wa Mgonjwa

Neno kasumba limezoeleka mno katika madarasa ya fasihi. Msomi anapolitaja, aghalabu huwa anazungumzia fikra za kikoloni zilizopandikizwa akilini mwa Mwafrika hata akazikumbatia kana kwamba ni zake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kasumba, kabla ya kuwa sitiari, ni afyuni, yaani utomvu uliokauka wa tunda bichi la mpopi. Makala haya yanairejelea maana hiyo ya awali, kwa kuwa wapo wagonjwa wengi ambao kwao kasumba si sitiari hata kidogo.

Mwanzoni mwa karne ya 19, mfamasia kijana wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, alifaulu kuitenga mofini na afyuni. Aliipa jina linalotokana na Morpheus, mungu wa ndoto katika visasili vya kale vya Wayunani na Warumi. Ni jina zuri, ila linapotosha, kama itakavyobainika hapa chini. Baadaye zilitengenezwa dawa nyingine za jamii hiyo, zikiwemo zile ambazo hazitokani na mmea wowote. Methadoni, iliyobuniwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, ni mojawapo.

Manufaa ya dawa hizi hayana mjadala. Mnamo 1986, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulioipa mofini ya kunywa nafasi kuu katika kutuliza maumivu makali ya saratani. Nchini Uganda, huduma ya mofini ya maji ilianza mwaka wa 1993, na kufikia 2004 sheria iliwaruhusu hata wauguzi wenye mafunzo maalumu kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Methadoni nayo iliingia Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka wa 2011 kwa ajili ya waraibu wa heroini. Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014, kwanza jijini Nairobi, kisha katika miji ya Pwani. Kwa hivyo, anayeuliza dawa hizi huufanya nini moyo na usingizi haulizi jambo la ng'ambo.

Tuanze na moyo. Kila pigo la moyo hutanguliwa na wimbi la umeme. Chembe za sodiamu na kalisi huingia ndani ya seli za moyo, misuli ikajikaza. Kisha potasiamu hutoka nje kupitia vijilango maalumu, na seli ikarejea katika hali ya utulivu ikisubiri zamu yake nyingine. Katika picha ya umeme wa moyo, muda unaoanzia pale vyumba vya chini vinapochochewa hadi vinapotulia kabisa huitwa kipindi cha QT. Methadoni huvizuia vile vijilango vya potasiamu. Utulivu unachelewa, na katika ucheleweshaji huo cheche ya umeme isiyotarajiwa inaweza kuzuka kabla ya wakati wake. Hapo moyo huanza kwenda mbio kwa mtindo wa pekee ambao tabibu Mfaransa, François Dessertenne, aliueleza mwaka wa 1966: mawimbi ya picha huonekana yakijisokota kama kamba. Moyo unaokwenda hivyo hausukumi damu ya kutosha. Mgonjwa huzirai, asipopata nafuu upesi, hufa.

Kwa kawaida kipindi hicho, kikisharekebishwa kulingana na kasi ya moyo, hakizidi takriban milisekunde 450 kwa wanaume na 460 kwa wanawake. Kikipita 500, madaktari huingiwa na hofu. Mofini yenyewe haikirefushi kwa kiwango cha kutisha, na hapa ndipo kosa la kuziweka dawa zote za afyuni katika kapu moja linapodhihirika. Hatari ya methadoni huongezeka dozi inapokuwa kubwa, potasiamu inapopungua mwilini kwa sababu ya kutapika au kuharisha, na inapochanganywa na dawa nyingine zenye athari kama hiyo. Flukonazoli, inayotumiwa sana na wagonjwa wa UKIMWI waliopatwa na ukungu wa utando wa ubongo, ina madhara mara mbili: hukirefusha kipindi hicho yenyewe, na pia huzuia ini kuivunjavunja methadoni.

Isitoshe, methadoni ina hila ya saa. Hutuliza maumivu kwa saa 4 hadi 8 tu, ilhali mwili unaweza kuchukua zaidi ya siku mbili kuondoa nusu yake. Maumivu hurudi, mgonjwa huongeza kidonge, na dawa hurundikana bila yeye kujua.

Kuhusu usingizi, anayeumwa hapati hata lepe. Akipewa dawa hulala fofofo, na jamaa humshukuru Mungu kwamba amepata usingizi wa pono. Lakini usingizi huo si ule unaodhaniwa. Dawa za afyuni hupunguza usingizi mzito pamoja na ule wa ndoto, zikamwacha mgonjwa katika usingizi mwepesi usioburudisha. Morpheus, basi, amepewa sifa isiyo yake. Lililo zito zaidi ni pumzi. Katika shina la ubongo mna kundi dogo la seli linaloongoza mwendo wa kupumua, na seli hizo zina vipokezi vya afyuni. Zinapolegezwa, mtu aliyelala husahau kupumua kwa sekunde 10 au zaidi, hupumua tena bila mpangilio, kisha husahau tena. Anayekoroma kwa sababu koo limeziba husikika chumba cha pili. Huyu hatoi sauti, kwa kuwa kifua chenyewe hakijitahidi. Pombe au dayazepamu huzidisha hali hiyo, na moyo hulazimika kupiga kwa damu iliyopungukiwa na oksijeni.

Hakuna lolote katika haya linalomhalalishia mgonjwa kuacha dawa ghafla, wala daktari kumnyima anayeteseka. Picha ya umeme wa moyo hupigwa kabla ya methadoni na baada ya dozi kuongezwa, potasiamu hurekebishwa, ikibidi, mgonjwa huhamishiwa mofini au buprenofini. Pale ambapo mashine haipo, swali hubaki kuwa kipimo cha kwanza, na swali ni suala la lugha. Mgonjwa anayeulizwa iwapo ana tatizo la mdundo wa moyo huenda akakana, ilhali yuyo huyo, akiulizwa kama amewahi kuona kiza machoni akaanguka, au kama mkewe humwamsha usiku akidhani amekata roho, atakuwa na mengi ya kusimulia.